Kuijaribu gia ya asetali kwenye kompyuta kabla ya kukata moldi

Gia ya asetali (plastiki ngumu, POM) yenye kipenyo cha mm 24 na unene wa mm 2 husinyaa kwa takriban asilimia 2 ikipoa, yaani karibu nusu milimita. Mchoro ukiruhusu tofauti ya mm 0.05 tu, kukosea kusinyaa kwa asilimia 0.2 kunamaliza nafasi yote. Ndiyo sababu, kabla ya kukata moldi (kalibu ya chuma), kipande cha namna hii huigwa kwanza kwenye programu kama Moldflow au Moldex3D: plastiki inavyojaza, inavyoshindiliwa (inavyoendelea kusukumwa moldi ikishajaa), inavyopoa, kisha kipande kinavyopinda.

Anza na data ya plastiki. Chagua aina ileile iliyoandikwa kwenye mfuko wa punje, si asetali yoyote iliyomo kwenye orodha ya programu. Unahitaji mnato (uzito wa plastiki katika kutiririka) katika joto na kasi mbalimbali, tabia za joto, na uhusiano wa shinikizo, ujazo na joto. Hiyo ya mwisho ikikosekana, kusinyaa utakakopewa ni kubahatisha.

Meshi, yaani vipande vidogo ambavyo programu huigawa gia ili kukokotoa, iwe ya pande tatu, yenye tabaka 10 hivi katika unene, na ndogo zaidi kwenye meno. Tabaka 3 hazionyeshi ngozi inayoganda ukutani, hivyo shinikizo linatoka na kosa.

Vilango, yaani matundu ambayo plastiki huingilia kwenye moldi, viwe vitatu kuzunguka tundu la ekseli, kila kimoja nyuzi 120 kutoka kwa mwenzake. Kilango kimoja cha pembeni huzaa gia yenye umbo la yai. Vitatu vitaacha mistari mitatu pale mikondo inapokutana, na hapo ndipo gia ni dhaifu. Idadi ya meno ikigawanyika kwa tatu, mistari yote huangukia sehemu inayofanana ya jino. Zungusha vilango hadi ipite katikati ya jino, mbali na shina lake.

Kwenye programu, ingiza joto la plastiki nyuzi 205 za Selsiasi, la moldi 90, shinikizo la kushindilia MPa (megapaskali) 80, na ubadilishe kutoka kujaza kwenda kushindilia ujazo ukifika asilimia 98. Usipandishe plastiki kupita 230: asetali huanza kuoza na kutoa gesi ya formaldehaidi inayowasha macho na koo.

Joto la moldi ndilo linalowaangusha wengi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Mtambo unaopitisha maji ya moto kwenye moldi, wenye tangi la wazi, ukiwekwa 90 unakaribia kuchemka: mvuke unaingia kwenye pampu, mtiririko unapungua, na uso wa moldi unabaki 75 huku kompyuta ikiamini ni 90. Mji wa Moshi uko chini zaidi, kwa hiyo kuna nafasi kidogo. Moldi ya baridi huifanya gia isinyae kidogo mwanzoni, halafu iendelee kusinyaa ikiwa tayari kazini, na hilo ni baya zaidi. Tumia mtambo wa maji uliofungwa wenye shinikizo, au wa mafuta. Kisha pima uso wa moldi kwa kipimajoto cha kugusa baada ya mizunguko 20, na namba hiyo ndiyo uiingize.

Kwenye matokeo, tazama kwanza shinikizo la juu kabisa. Likizidi asilimia 80 ya uwezo wa mashine yako, panua kilango au mfereji unaopeleka plastiki kwenye kilango, kwa sababu nozeli (mdomo wa mashine) nayo hula shinikizo. Halafu angalia sekunde ambayo kilango kinaganda. Kushindilia kukikoma kabla yake, plastiki inarudi nyuma na meno yanabonyea.

Fundi anapokata, abakize chuma: tundu la meno liwe dogo kidogo na pini ya ekseli iwe nene kidogo. Chuma kinapunguzwa kwa urahisi, kukiongeza ni kazi ya kulehemu.

Moldi ikishafungwa kwenye mashine, ongeza muda wa kushindilia kwa nusu sekunde kila mara na upime gia kwa mizani ya gramu 0.01. Uzito unapoacha kupanda, kilango kimeganda. Linganisha na sekunde ya kompyuta. Zikipishana sana, rekebisha joto la moldi au data ya tabia za joto za plastiki. Usipachike asilimia ya kusinyaa kwa mkono ili namba zifanane, maana gia inayofuata itakuumbua. Vipimo vya maikromita vichukuliwe baada ya saa 24, na gia za kwanza baada ya umeme kurudi usizihesabu.