Namna ya kuomba mkataba wa staji kati ya shule ya uuguzi na hospitali, Lubumbashi

Barua ya kuomba staji (mafunzo ya vitendo hospitalini) haisumbui. Shule hukwama kwenye mkataba, hasa viambatisho vyake.

Kabla ya kuandika, mwone direkta wa nasingi, yaani mkuu wa wauguzi wote wa hospitali. Muulize kila huduma (wodi) inapokea wanafunzi wangapi kwa zamu, na shule gani nyingine zitakuwepo. Hospitali kubwa kama Jason Sendwe hupokea wanafunzi wa shule nyingi kwa pamoja. Tuseme mna wanafunzi 48 na kila huduma inakubali 6 kwa zamu: fanyeni makundi 4 ya watu 12, yaani uzazi, watoto, upasuaji na tiba ya ndani, 6 waingie asubuhi na 6 mchana, kisha makundi yabadilishane.

Barua iende kwa daktari mkurugenzi, nakala kwa direkta wa nasingi. ITM (shule ya sekondari ya ufundi wa tiba), kwa kuwa iko chini ya Wizara ya Afya, ipeleke nakala pia Divisheni ya Afya ya Jimbo. Kwa kituo cha afya, pitieni kwa daktari mkuu wa zoni ya afya. Usitoke sekretariati bila nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa.

Sasa viambatisho. Sentensi kama "usimamizi utafanywa na pande zote mbili" humwacha mwanafunzi bila mtu, akishinda anatandika vitanda na kubeba sampuli. Andikeni jina la monita (msimamizi wa staji) wa shule kwa kila huduma, siku na saa zake, na jina la muuguzi wa hospitali atakayetia sahihi daftari la staji. Ongezeni malengo ya kila mwaka wa masomo, maana wa mwaka wa kwanza hapaswi kuachiwa sindano za mishipa peke yake.

Ajali ya sindano, yaani mwanafunzi kujichoma na sindano iliyotumika, iwe na kifungu chake. Dawa za kukinga VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28. Kwa hiyo mkataba useme usiku mwanafunzi anamwarifu nani, dawa ziko wapi, nani analipa. Chanjo ya homa ya ini B huchomwa mwanzoni, baada ya mwezi 1, kisha mwezi wa 6. Shule inayongoja barua ijibiwe ndipo ichanje imeshachelewa.

Glavu nazo huleta ugomvi. Boksi la 100 ni jozi 50 tu: wanafunzi 12 wakitumia jozi 5 kila mmoja, wanahitaji jozi 60 kwa siku. Andikeni nani anazileta. Pesa za staji zilipwe na shule kwenye kasa ya hospitali, kwa risiti, na mkataba ukataze mwanafunzi kudaiwa tena ndani ya huduma.

Atie sahihi mkuu wa shule mwenyewe, kila ukurasa uwe na parafu (sahihi fupi), nakala asili mbili. Kisha pelekeni fotokopi ya orodha na ratiba kwa muuguzi mkuu wa kila huduma kabla wanafunzi hawajafika. Yeye ndiye anayewapokea asubuhi, na mkataba uliobaki kwenye kabati la direkta hajauona.