Risasi ya kumwindia wapiti: anza na kichwa, kaliba baadaye

Dume la wapiti wa Milima ya Rocky, kulungu mkubwa ambaye Wamarekani humwita elki, hufikisha kilo 300 na zaidi. Jike hucheza kwenye kilo 220. Bega lake ni mfupa mpana uliofunikwa na nyama nene, na ukimtoboa pafu moja tu anaweza kushuka bonde lote na kuanza kupanda ng'ambo ya pili kabla hajalala. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza ni bunduki gani yenye nguvu. Uliza hivi: kichwa cha risasi nitakachopiga kitapita mapafu yote mawili, hata kikigonga mfupa njiani?

Tuwekane sawa kwa maneno. Hapa "risasi" ni kitu kizima: ganda, fataki, baruti na kichwa. "Kichwa" ni kile kinachotoka mtutuni na kumfikia mnyama. "Kaliba" ni kipenyo cha kichwa na mtutu wake, na majina kama .30-06 au .270 ni ya aina za risasi. Uzito wake huandikwa kwenye boksi kwa greini, na greini 1 ni gramu 0.065, kichwa cha greini 180 basi ni gramu 11.7.

Vichwa vya kuwindia vinahitilafiana zaidi kwa umbo la ndani kuliko kwa uzito. Kile cha kawaida, gamba jembamba la shaba lililojazwa madini laini ya risasi, kinamfaa mnyama mdogo. Kwa wapiti aliye karibu kina hatari: kikigonga bega kwa kasi kubwa hupasuka juujuu, kikaacha jeraha pana lisilofika mapafuni. Mnyama anaanguka, anainuka, anaondoka. Bora uchukue kile ambacho moyo wake, yaani madini ya ndani, umeunganishwa na gamba lake kwa joto, au chenye ukuta wa shaba katikati kama Nosler Partition, kilichobuniwa miaka ya 1940: nusu ya mbele hufunguka na kumomonyoka, nusu ya nyuma inaendelea kuchimba. Cha tatu ni cha shaba tupu, kama Barnes TTSX. Hiki hubaki na karibu uzito wake wote na hupenya sana, ila kinadai kasi. Kikifika kimechoka hakifunguki, kinapita kama msumari.

Kila aina ina kasi ambayo chini yake haifunguki vizuri, na mtengenezaji huitaja. Usipoipata, shika futi 1,800 kwa sekunde (mita 550) kwa vile vilivyounganishwa na futi 2,000 (mita 610) kwa shaba tupu. Kisha soma jedwali la kasi la risasi yako. .30-06 yenye kichwa cha greini 180 chenye ncha hutoka kwa futi 2,700 hivi kwa sekunde. Kwenye yadi 300 imebaki na 2,100 hivi. Pale kasi inaposhuka chini ya kiwango ndipo kichwa chako kinapoishia, hata kama darubini inakuonyesha mnyama vizuri.

Sasa uzito. Kosa linalorudiwa sana ni kulinganisha greini bila kuangalia kipenyo. Greini 150 kwenye .270 ni kichwa kirefu kinachopenya vizuri. Greini hizohizo kwenye .30-06 ni kichwa kifupi ambacho hupoteza kasi mapema na hupenya kidogo. Uzito wa kuanzia nao ni huu. Kwa 6.5 Creedmoor, greini 140 hadi 143, na umbali uwe wa kadiri. Kwa .270 Winchester, 140 au 150. Achana na 130 isipokuwa ya shaba. Kwa 7mm Remington Magnum, 160. Kwa .308, 165 au 180. Kwa .30-06, 180, na hii hata leo ni chaguo lisilo na mjadala mkubwa, ingawa ganda lake ni la mwaka 1906. Kwa .300 Winchester Magnum, 180 au 200, kwa sababu kasi yake inavivunja vichwa vyepesi na laini. Kwa .338 Winchester Magnum, 210 hadi 225.

Ukihamia shaba tupu, shuka ngazi moja: 165 au 168 badala ya 180. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kwa uzito uleule kichwa huwa kirefu zaidi, na kichwa kirefu kinahitaji mtutu unaokizungusha haraka. Baadhi ya mitutu ya .308 huzungusha mara moja kwa inchi 12, mingine mara moja kwa inchi 10. Ule wa polepole unaweza kushindwa kukituliza. Utaliona kwenye karatasi ya shabaha: badala ya tundu la duara, tundu refu la kichwa kilichoingia kwa ubavu. Risasi hiyo usiende nayo porini.

Sheria nazo zina neno lao. Jimbo la Colorado, Marekani, linataka kwa wapiti kipenyo kisichopungua inchi 0.24, kichwa kinachofunguka cha greini 85 au zaidi, na nguvu ya futi-pauni 1,000 kwenye yadi 100 kwa vipimo vya mtengenezaji. Maana yake .243 inaruhusiwa. Kuruhusiwa si kufaa: inaacha nafasi finyu mno ya kosa, na anayeibeba awe anasubiri mnyama aliyesimama ubavu, karibu. California tangu Julai 2019 hairuhusu kuwinda kwa madini ya risasi kabisa, kwa hiyo huko ni shaba.

Lililobaki ni bega lako. Kwenye bunduki za uzito mmoja, .300 Winchester Magnum hupiga teke karibu theluthi moja zaidi ya .30-06, na .338 huzidi hapo. Jipime hivi: mwombe mwenzako akujazie bunduki bila wewe kuona, achanganye risasi za kweli na za mazoezi zisizo na baruti. Itakapolia "tak" tupu, utazame mdomo wa mtutu. Ukiinama, mwili wako unajikaza kabla ya mlio, na kosa hilo la sentimita chache kwenye yadi 100 linakua maradufu kwenye 200. Shuka kaliba. Kifaa cha kupunguza teke kwenye mdomo wa mtutu husaidia, lakini kelele yake ni kali kiasi cha kuharibu masikio, na porini wengi husahau kuyaziba.

Kisha tafuta umbali wako mwenyewe. Weka sahani ya sentimita 25, keti chini au egemeza bunduki kwenye begi, si mezani. Pale unapopata tano kwa tano, mtutu ukiwa baridi kwa ile ya kwanza, ndipo mwisho wako. Kwa wapigaji wengi mwisho huo ni mfupi kuliko ule wa kichwa; fuata ulio mfupi.

Nunua maboksi yote yenye namba ileile ya toleo, ya kurekebishia darubini na ya kuwindia, kwani toleo jingine la risasi ileile linaweza kugonga pembeni. Ukibadilisha kutoka madini ya risasi kwenda shaba, safisha mtutu vizuri, piga kadhaa za kuuzoesha, halafu ndipo urekebishe. Ukifika milimani piga tena mbili au tatu: hewa nyembamba hupunguza kushuka kwa kichwa, baridi hupunguza kasi ya baruti, na safari yenyewe huenda imesukuma darubini. Kabla ya kujaza, soma maandishi ya chini ya ganda na yale ya mtutuni, neno kwa neno. 7mm-08 inaweza kuingia kwenye chemba ya .270, na kuipiga humo ni hatari kwa bunduki na kwa uso ulio nyuma yake.