Hita ya ndoo: jinsi ya kuchemsha maji bila kunaswa na umeme

Baridi ya Arusha mwezi wa sita na wa saba wote tunaijua, asubuhi maji ya bomba huyagusi, ndo maana vyumba vingi vya kupanga kuanzia Sakina mpaka Njiro hukosi hita ya kuchovya kwenye ndoo. Sisemi muache kuitumia, ila tuitumie vizuri jamani, hii kitu inaua.

Elewa kwanza umeme unafanya nini mwilini. Umeme unaopita mwilini unapimwa kwa miliampia (elfu moja ni ampia moja). Ukipitiwa na miliampia 1 unasikia tu kama kuchomwachomwa, ikifika 10 mpaka 20 misuli ya mkono inakaza yenyewe na hapo ndo mtu ananaswa, anataka kuachia lakini mkono haumsikii, ikipita 30 pumzi inabana, kuanzia 50 hivi moyo unaweza kuanza kutetemeka tu bila kusukuma damu. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Ngozi kavu inauzuia kiasi, ila ikilowa ukinzani wa mwili, yaani uwezo wake wa kuzuia umeme, unaweza kushuka mpaka omu 1,000 hivi, piga hesabu mwenyewe, volti 230 gawa kwa omu 1,000 ni ampia 0.23, yaani miliampia 230, inaingilia mkononi inatokea miguuni kwenye sementi na moyo uko njiani.

Kwa hiyo kupima maji kwa kidole hita ikiwa inawaka, hapana kabisa. Weka ndoo sehemu kavu, laza kijiti juu yake uning'inize hita katikati isiguse plastiki, hakikisha maji yamefika kwenye alama ya hita, vaa ndala, mkono uwe mkavu, ndo uchomeke na kuwasha. Watoto wakae mbali. Maji yakipata moto zima swichi halafu CHOMOA plagi, iache hita ipoe kidogo humo humo ndo uitoe. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana kuna soketi fundi aligeuza nyaya, swichi inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) na waya wa moto unabaki hai mpaka kwenye hita.

Na ile tabia ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti au mfuniko wa peni ili plagi ya pini mbili iingie, tuache. Lile tundu ni la ethi, waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, na plagi ya pini mbili haina pini ya ethi, kwa hiyo kifaa kinawaka bila ulinzi huo. Hita yenye waya uliochunika ukafungwa solotepu, tupa.

Wenye shawa ya umeme, ukishika bomba ukasikia kamtekenyo usijizoeshe, zima meni swichi uite fundi. Mwambie afunge na breka ya RCD ya miliampia 30, ile inayokata umeme yenyewe ukivuja, ina kitufe cha T cha kuijaribu, kiminye mara kwa mara, ikishindwa kukata ujue imekufa.

Mwenzio akinaswa usimshike, na wewe utanasa. Kata meni swichi, ikiwa mbali msukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Kama hapumui, minya kifua katikati kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, usiache, mwingine atafute gari. Akisema yuko fresh bado mpeleke hospitali, Mount Meru au KCMC kama mko Moshi, apimwe moyo, maana kwenye ngozi unaweza kuona kaalama kadogo tu kumbe nyama za ndani zimeungua.