Kumtambua buibui mdogo wa msituni na kumwekea rekodi: mfano wa Amani, Usambara Mashariki

Mwanafunzi mmoja aliniletea vichupa vya buibui kutoka Amani, vyote vimeandikwa "buibui mdogo". Tulivipitia pamoja hivi.

1. Kibali. Hifadhi ya Amani, Tanzania, iko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Ongea nao kwanza. Kama ni utafiti, pitia pia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia.

2. Kukusanya. Chota majani yaliyooza nusu, yachekeche juu ya shuka jeupe, kisha tulia. Buibui wa milimita mbili hujikunyata akafanana na takataka. Ukiacha kutikisa, anatembea. Mwokote kwa brashi ndogo ya rangi iliyoloweshwa spiriti. Kibano sikitaki, kinavunja miguu. Mpige picha akiwa hai, kwa sababu rangi hufifia, kisha mtie kwenye spiriti, yaani ethanoli, ya asilimia 70 au 80.

3. Lebo. Kwa penseli, ndani ya kichupa: mahali, koordineti, mwinuko, tarehe, alipopatikana, jina lako.

4. Mpevu au mtoto? Hapa ndipo siku nzima hupotelea. Wengi utakaowapata ni watoto, na mtoto ni nadra kufikishwa kwenye spishi. Dume mtazame pedipalpi, vile viungo viwili vifupi kando ya mdomo: akipevuka, ncha zake huvimba kama glavu za bondia. Zikiwa zimevimba lakini nyororo tu, bila miiba wala mikunjo, bado hajajivua ngozi mara ya mwisho.

Jike mgeuze chali. Kwa buibui wengi, mbele ya tumbo kuna bamba gumu la uzazi lenye rangi iliyokolea, epijini; likionekana, amepevuka. Lakini hesabu macho kabla hujaamua! Familia ya Oonopidae, wakazi wa kawaida wa majani makavu, kwa kawaida wana macho sita, na majike wao hawana bamba hilo. Usiwatupe ukidhani ni watoto; waweke kando, wanahitaji kuchunguzwa viungo vya uzazi vya ndani.

Kisha picha. Tumia pedipalpi ya kushoto, maana michoro mingi ya wataalamu ni ya kushoto. Mlaze kwenye mchanga laini ndani ya kisahani cha spiriti asigeukegeuke. Akiinama kidogo tu, umbo linabadilika na utaanza kushangilia spishi mpya isiyokuwepo. Piga kutoka chini, halafu upande wa nje, kwa pembe ileile ya mchoro unaolinganisha. Lenzi ya kubandika kwenye simu ni kujisumbua kwa wadogo hawa. Kaombe hadubini kwenye maabara ya shule.

5. Jina. Anzia World Spider Catalog, orodha ya mtandaoni ya buibui wa dunia, ufuate maelezo ya kwanza ya kisayansi ya spishi. Vitabu vya picha za buibui wa Ulaya viache.

6. Rekodi. Pandisha iNaturalist, tovuti ya rekodi za viumbe, picha za akiwa hai na za pedipalpi, pamoja na namba ya kichupa. Ukifika kwenye familia tu, andika familia. Kichupa chenyewe kipeleke makumbusho au idara ya zoolojia, na spiriti iongezwe kabla haijakauka.