Somo: Sahani nyeupe ya michoro ya buluu, ya China au ya Japani? Igeuze kwanza

Wengi hukimbilia michoro, na michoro ndiyo inayodanganya. Ukoo wa Ming uliotawala China ulipoanguka mwaka 1644, vita vilikatiza biashara ya kaure ya China. Waholanzi wa VOC, kampuni yao ya biashara ya Mashariki, wakageukia wafinyanzi wa Arita, kisiwani Kyushu nchini Japani, na mwaka 1659 wakaagiza maelfu ya vyombo. Mteja wa Ulaya alitaka kilekile alichozoea: ukingo uliogawanywa vyumba-vyumba, maua, ndege. Arita wakampa.

Hatua ya 1. Tandika kitambaa, ipindue sahani. Ndani ya duara la kitako tafuta vikovu vidogo mfano wa chunusi, labda vitatu au vitano. Arita waliegemeza sahani pana juu ya vijipembe vya udongo ili isilegee katikati tanurini. Vikibanduliwa, kovu hubaki. Wachina kwa kawaida hawakufanya hivyo. Mimi kipimo hiki nakiamini kuliko vyote.

Hatua ya 2. Weupe wake. Arita ya zamani mara nyingi ina ukijivu kidogo. Usiamulie kwa taa ya njano.

Hatua ya 3. Maandishi ya kitakoni yaache mwisho. Utakuta jina la mfalme Chenghua wa Ming (1465–1487) kwenye sahani ya Arita iliyochomwa karne mbili baada yake. Wachina wenyewe nao waliliandika hovyo vilevile!

MASWALI

Bakuli langu dogo halina kovu hata moja. Basi si Arita?
Usiharakishe, ndugu. Chombo kidogo hakilegei, hakikuhitaji kijipembe. Kovu likiwepo ni ushahidi. Lisipokuwepo, bado hujajua kitu.

Mwalimu, mbona wauzaji sahani za Arita wanaziita Imari?
Imari ni bandari. Arita iko bara. Mizigo ilishushwa hapo, ikapakiwa kwenda Nagasaki, ambako Waholanzi walifungiwa kisiwani Dejima tangu 1641.

Yangu ina herufi VOC katikati. Nimetajirika?
Arita walitengeneza sahani za namna hiyo kwa ajili ya Kampuni, ila zimeigwa mno baadaye. Tuma picha ya kitako, siyo ya herufi.

Na vigae vya kaure ya buluu na nyeupe vya magofu ya Gedi, pwani ya Kenya, vinaweza kuwa vya Japani?
Mji ule ulikuwa umeshahamwa kabla ya oda ya 1659. Hivyo ni vya China.