Umekwama katikati ya wahafidhina na waliberali kanisani? Anza na daftari

Naandikia wewe uliyelelewa Anglikana hapa Kenya, mama ni wa Umoja wa Akina Mama, baba ni wa wale ndugu wa uamsho, alafu ukaenda chuo ukaanza kusoma na kuuliza maswali, na saa hii ukiwa nyumbani unaonekana mliberali, ukiwa na marafiki wa Nairobi unaonekana mshamba wa kilokole, kote unanyamaza tu. Mi nimekaa hapo karibu miaka sita na inachosha roho.

Nunua daftari. Kila swali lipe ukurasa wake: ufufuo, jehanamu, talaka, mashoga, pombe, wanawake madhabahuni. Andika unaamini nini leo na ni nani alikufunza hivyo. Watu hutuuzia imani kama furushi lililofungwa, ati ukikubali askofu mwanamke basi lazima ukatae kaburi lilikuwa tupu, na sio kweli. Mi nilipata Imani ya Nikea, lile ungamo la kale la imani tunalosema kanisani, naikubali yote, mstari kwa mstari, vita vyangu vilikuwa kwa kurasa nne tu.

Alafu rudi kila ukurasa ujiulize hili ni swali ama ni kidonda. Hapa usijidanganye. Ukurasa wangu mmoja wa "kiliberali" haukuwa na hoja yoyote, ni vile dada yangu alisimamishwa mbele ya watu juu ya mimba na mimi nikiwa nimeketi pale nikiona. Na mmoja wa "kihafidhina" ulikuwa ni kuogopa mama tu. Kidonda kinataka kutibiwa, vitabu havitakisaidia.

Soma pia historia ya kanisa lako, na hapa sitaki uharakishe. Mwaka 1888 mkutano wa maaskofu wa Anglikana wa Lambeth uliamua mwanaume mwenye wake wengi asibatizwe. Kwa hivyo mzee akimpenda Yesu aliambiwa afukuze wake wengine kwanza, na hao wamama na watoto waende wapi? Ilichukua miaka mia moja, hadi Lambeth ya 1988, na Kenya ilikuwa mbele kusukuma hilo jambo, wakakubali abatizwe pamoja na wake zake na watoto bora aahidi hataoa mwingine, wala asilazimishwe kufukuza mke yeyote kwa sababu wao ndio wangeteseka. Miaka kumi baadaye, Lambeth ya 1998, maaskofu wa Afrika ndio walisimama kidete kukataa kubariki mahusiano ya jinsia moja. Na 2021 kanisa hilo hilo la Kenya likamweka wakfu Emily Onyango askofu msaidizi wa Bondo, na Rose Okeno askofu wa Butere. Sasa kanisa hilo utaliweka upande gani, wa wahafidhina ama wa waliberali? Mi nilichojifunza kwa ile ya 1988 ni kuuliza, kwa kila ukurasa, nikishikilia hivi ni nani ataumia, alafu ndio nifungue Biblia tena na huyo mtu akilini.

Usibishane kwa grupu ya WhatsApp ya familia. Tafuta mzee mmoja anayejua kunyamaza, muulize yeye alipitia nini kabla ya kumuuliza anaamini nini. Na usihame kanisa kwa hasira, jipe mwaka mmoja, uendelee kwenda meza ya Bwana hata kama kuna kurasa tupu.

Zangu bado ziko mbili tupu. Mama aliipata hiyo daftari mezani mwezi uliopita, nikajua leo ni leo, kumbe alisoma ukurasa wa talaka mpaka mwisho, akakaa kimya, alafu akaniomba kalamu.