Kukausha majani ya kunde ukiwa na kuku uani

Jamani mvua hizi kunde zimejaa bustanini, usiache majani yazeeke, kausha ule kiangazi. Chuma machanga asubuhi umande ukishakauka, osha vizuri, chemsha kwenye maji yenye chumvi kidogo dakika 2 au 3 tu halafu epua uchuje, ukizidisha yanarojeka na rangi inapotea. Yatandaze kichanjani tabaka jembamba, na hapa ndo penye kazi kama una kuku wa kienyeji maana wanaparua kila kitu na kinyesi chao kina vijidudu vya kuharisha, kwa hiyo kichanja kiwe juu, mbali na mti wanaolala, funika na chandarua safi kisicho na dawa (cha dawa hapana kabisa!). Mwaka jana mi nilianika chini kwenye mkeka nikapoteza beseni zima, iliniuma sana. Kivulini penye upepo ni bora kuliko jua kali, vitamini A haipotei sana. Usiku ingiza ndani. Siku 2 au 3 yakivunjika mkononi tayari, weka kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Vikonyo na majani yaliyozeeka wape kuku, wanapenda mno.